Pipa la Marudio

Mtaalamu alikuwa akifungua mlango wa karakana, anaingia, anatua mkoba wake, kisha anarudi kuhakikisha kwamba mlango alioufungua umefunguka. Watu wengine hurudi kuhakikisha wamefunga. Yeye alihakikisha yote mawili. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika hospitali moja pale Kasulu, mimi nikiwa mama wa mazoezi ya viungo na yeye fundi wa viungo bandia, na sikumbuki aliwahi kukalia kiti bila kukitikisa kwanza.

Tulimwita Mtaalamu, basi. Jina lake lilikuwapo kwenye karatasi za mshahara, na sidhani kama kuna mgonjwa aliyelijua. Kwamba kwao ni pwani ilijulikana kwa namna alivyosema "hebu" na "ati", na kwa jinsi baridi yetu ya Juni ilivyomtesa, sweta juu ya sweta, halafu koti jeupe juu ya yote, amefura mpaka mikono haishuki. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sikuuliza. Serikali ilimleta huku Buha, nchi yetu Waha, kama inavyowaleta walimu na madaktari, na wengi wao huanza kuomba uhamisho kabla hawajafungua mabegi. Yeye hakuomba. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akasema barabara ya kuondokea anaiogopa kuliko anavyoogopa kukaa.

Neno lake lilikuwa moja: "Sina amani nayo." Alilisema juu ya mkanda wa ngozi, juu ya skrubu, juu ya mawingu, juu ya chai iliyopoa. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo amepangiwa kazi katika nchi ambayo watu wanasalimiana kwa kutajiana amani. Mzee mmoja alikuja na gongo lake, akamsalimu vizuri, "Amahoro, Mtaalamu?" Naye macho yako kwenye mashine, akajibu, "Sina." Mzee alinigeukia akaniuliza kwa Kiha, kwa sauti ya chini, kama huyu bwana amefiwa. Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo. Mzee akampa pole hata hivyo.

Mashine yenyewe ililetwa na mradi. Ilikuwa ya kuchapa, lakini haichapi karatasi, inachapa vitu. Ina mdomo mdogo wa moto unaoyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, mpaka kinatokea kidole, au kiganja, au banzi la kushikia mkono uliovunjika. Mkono mzima wa mtoto ulikula kutwa, na mashine ile haipendi kukatizwa. Umeme wetu wa wakati ule ulikuwa na tabia zake. Ukikatika mchana tunabaki na nusu kiganja, au kidole kisicho na ncha, na huwezi kuendeleza ulipoachia. Tena kulikuwa na mvua. Uzi wa plastiki huvuta unyevu, na uzi wenye unyevu hulia ndani ya mashine kama bisi kwenye sufuria. Kidole kinachotoka hapo unakiona kizima, kumbe ndani kina vitundu, na hutavijua mpaka siku kinapokatika mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo vilivyoharibika vilikuwa vingi kuliko vilivyofaa. Mtu mwingine angevichoma nyuma ya jengo pamoja na takataka za wodini. Mtaalamu alitafuta pipa la bluu, lile la kuwekea maji, akaliweka kando ya dirisha na kuliandika kwa wino mzito: MARUDIO. Neno alilitoa shuleni. Mwanafunzi akifeli mtihani anafanya marudio, na kidole kilichofeli nacho kitafanya. "Hapa hatumfukuzi mtu shule," aliniambia, na hiyo ilikuwa karibu sana na utani kwa mtu kama yeye. Na kwa kuwa aliogopa vidole vya mtoto wa Muyama visije vikavalishwa mtoto wa Makere, kila kipande kilichotoka kwenye mashine alikiandika jina la mwenyewe kwa kalamu, kizima au kibovu. Ukichungulia mle pipani uliona vidole vya rangi zote, vina majina. Mfagiaji wetu alifagia karakana nzima akauacha upande wa dirisha.

Vya kurudia vilisagwa kwanza. Mchomeleaji wa mjini alimtengenezea mashine ya kusagia, mota yake imetoka kwenye kinu cha mahindi kilichokufa, meno yake yamekatwa kwenye springi za lori. Ikiwashwa, hospitali nzima ilijua. Mama mmoja wa Makere aliyekuja kumwangalia mjukuu wodini alisikia ule mlio, na kesho yake akafika na beseni la mahindi kichwani, akasimama mlangoni kwetu.

"Mwakeye," alituamkia. "Foleni ni ndefu?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mtaalamu hakucheka. Alilipokea beseni kwa mikono miwili, akaliweka mbali na mashine, akaanza kumweleza yule mama hatari ya plastiki kuingia kwenye unga, kisha akamweleza hatari ya unga kuingia kwenye plastiki, na hii ya pili aliieleza kwa uchungu zaidi. Mama alivumilia, akavumilia, mwisho akanyoosha mikono kuomba beseni lake.

"Ungesema tu mmefunga, mwanangu," alisema.

Baada ya kusaga alichambua chenga. Kuna plastiki za aina mbili, na zikichanganyika uzi hautoki, unatoka udenda. Alichoma ukingo wa kila kipande kwa kiberiti na kunusa: moja hunuka utamu wa sukari inayoungua, nyingine hunuka plastiki tu. Alinusa, akaninusisha na mimi, halafu akanusa tena kuhakikisha kwamba tumenusa. Chenga zilikaushwa kwenye sanduku la bati lenye balbu, aliloazima kwa jirani yake anayelelea vifaranga. Kisha ziliingia kwenye bomba la moto lenye parafujo ndani, linalosukuma kama kile kinu cha kusagia nyama, na upande wa pili uzi ukatoka taratibu, yeye ameuinamia na kipimo chake cha unene, anaupima kila unapojongea. Ukinenepa kidogo, anasonya. Ukikonda, anashika kichwa. Wakati wa kuvuta uzi hukuruhusiwa kupiga chafya mle ndani.

Ule uzi niliubatiza mimi. Nimeokoka, nasali na Wapentekoste, na siku ya kwanza nilipouona umezungushwa kwenye kibao chake nilimwambia huu ni uzi uliozaliwa mara ya pili. Yeye ni Mwislamu, lakini alilipenda lile jina, akawa analitumia hata mbele ya wageni kutoka mkoani: "Huu ni mpya, ule pale umeokoka." Ila hakuuamini. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mganga mkuu angeweza kumtoa: uzi uliookoka ni wa vikombe vya kupimia, mabanzi, na vifuniko. Kidole kitakachoshika kitu, kamwe.

"Mtaalamu," nilimwambia, "kwetu aliyezaliwa mara ya pili ndiye mwenye nguvu."

"Huyo ni mtu," alisema. "Mtu anaweza kujitahidi."

Basi unaona mwenyewe mkanganyiko wake. Alitumia nusu ya maisha yake kuokoa plastiki isipotee, na nusu nyingine kuizuia isifanye kazi. Nilimtania kwa hilo, akaniambia kutupa kitu na kukiamini ni mambo mawili, na katikati yake kuna nafasi kubwa ya kuishi.

Usidhani alikuwa mwoga wa kila kitu. Maji ya kunywa aliyachemsha mara mbili, ndiyo, na mgonjwa alipomletea jogoo wa shukrani alikesha akimwazia yule jogoo kama hana kideri. Lakini mvua za masika, njia ya Muyama ikiwa utelezi mtupu, alipanda pikipiki yake chakavu kwenda kukaza mkanda wa mguu wa mtoto mmoja, akarudi na tope mpaka kwenye miwani. Nilimgombeza. Kwetu ni Muyama, ile milima naijua. Akaniambia, "Nikianguka nitajua nimeanguka. Kidole kikivunjika huko mbali sitajua." Nimelifikiria sana neno hilo baadaye. Alichokiogopa hakikuwa balaa lenyewe. Aliogopa balaa litokee akiwa hayupo, na mtu aliyemwamini alibebe peke yake.

Alikuwa mtu wa swala, na kuna muuguzi aliyewahi kumwambia, kwa wema, kwamba mwenye imani hana haja ya wasiwasi. Akajibu kwamba dua hana shaka nayo, na Mungu hajamwambia asipime.

Sasa niseme habari ya binti wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, maana ndiyo iliyomla.

Alikuwa msichana wa Kikongo, ameshaanza kurefuka kumzidi mama yake, mkono wa kulia una kifundo na nusu kiganja lakini hauna vidole. Alizaliwa hivyo. Mama yake alikuwa msusi pale kambini, ana kibanda cha turubai na kigoda, na sisi tulimwita Mama Msusi. Alichotaka alikisema siku ya kwanza, kabla hajaketi: mtoto wake ajue kusuka. "Kuandika anaandika na kushoto," alisema. "Lakini nywele haisukwe na mukono moya. Nikikufa leo, atakula nini?" Msusi anabana shina la nywele kwa mkono mmoja, mwingine unapitisha. Mkono wa bandia wa kwetu ungeweza kufanya hiyo kazi ya kubana: ukikunja kifundo, nyuzi za ndani zinavuta na vidole vinafumba.

Mtaalamu alimpima yule binti mpaka binti akachoka. Na bahati mbaya mradi ulikuwa umekwisha. Wafadhili walishaaga, kwa soda na picha, na uzi mpya uliobaki ulikuwa kibao kimoja. Kiganja kilitoka vizuri. Vidole vikaanza vituko. Mara umeme, mara mvua, mara mdomo wa mashine umeziba. Kila kidole kilichoharibika kiliandikwa jina la binti na kwenda pipani, na uzi mpya ukaisha vidole havijapatikana.

Tulimwita Mama Msusi na binti waje wajaribu kiganja. Kikakaa sawasawa. Mtaalamu akaenda stoo kutafuta mkanda, mimi nikatoka kumpokea mgonjwa mwingine, na niliporudi mama alikuwa amesimama dirishani, amemshika binti bega. Nikawaambia warudi wiki ijayo kwa ajili ya vidole. Akasema sawa. Wiki ijayo hawakuja. Na iliyofuata hawakuja.

Zile siku sitaki hata kuzikumbuka. Mtaalamu alitaja kila ugonjwa ninaoujua na mengine nadhani aliyabuni. Kila gari lililoingia getini alinyanyuka. "Anakua," aliniambia. "Nimempima akiwa na kiganja kile, kila siku anayokaa huko kinazidi kumbana." Chai ikawa inapoa mbele yake na hata hasemi kwamba hana amani nayo.

Siku ya kliniki ya kambini nilipanda gari nikaenda kumtafuta. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa kitenge. Jirani yake, mama mwingine wa Kikongo aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni, alinitazama koti langu jeupe kwanza, ndipo akajibu.

"Ule anaogopa," alisema. "Balimuandika mu marudio."

"Marudio gani?"

"Ya kurudisha batu. Ku Kongo. Aliona jina ya mutoto wake mu pipa, kule ku lopitali yenu. Pipa imeandikwa na maandiko mukubwa."

Inabidi ujue kambi ilivyokuwa. Warundi walikuwa wakiondoka kwa mabasi, na Wakongo walikuwa wakingoja kusikia kama zamu yao inakuja. Kasulu hakuna mtu mzima asiyekumbuka kambi ya Warundi ya Mtabila ilivyofungwa na watu wakarudishwa. Neno lolote lenye kurudi ndani yake lilifika mwisho wa kambi kabla mwenye kulisema hajafunga mdomo. Na sisi tuliliandika kwa herufi kubwa, tukajaza ndani yake majina ya watoto.

Nilipomweleza Mtaalamu, aliketi bila kutikisa kiti. Kisha akasimama, akalifunga pipa mfuniko, akaenda kuomba kibali na gari. Nilimwambia inatosha mimi nikaeleze. Akasema hapana, neno ni lake.

Tukafika kambini na pipa nyuma ya gari. Mama Msusi alitoka baada ya jirani kumhakikishia kwamba hatukuja na askari, na binti akabaki nyuma yake ameshika kitenge cha mlango. Mtaalamu alilishusha pipa, akatandika turubai, akalimwaga lote.

"Hebu tazama, mama," alisema. "Hivi ni vidole vibovu. Hivi ni vya binti yako. Hiki cha mtoto wa Muyama. Banzi hili la polisi mmoja wa mjini."

"Polisi naye banamurudisha?" mama aliuliza.

"Harudishwi mtu! Marudio ni kurudia kazi. Si kurudi. Tunasaga, tunatengeneza tena."

"Kurudia, kurudi." Mama Msusi alitikisa kichwa. "Papa, miye nimekimbia mara mingi. Kitu ya kutukamata haikuyake na jina mubaya. Inakuyaka na jina muzuri, na karatasi, na gari nyeupe sawa hii yenu."

Mtaalamu akaligeukia gari letu akalitazama, na nikaona wazi kwamba na yeye sasa analiogopa. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akainama akaokota kidole kimoja kisicho na ncha, akakizungushazungusha.

"Ukisuka kichwa kikaharibika," aliuliza baadaye, "unafanyaje?"

"Ninafumua."

"Halafu?"

"Ninasuka tena. Nywele ni ile ile."

"Na inashika?"

"Kama haikukatika, inashika. Kama imeshakatika, unasuka bure."

Alitoa kalamu yake ya wino, akaliinamisha pipa magotini, akalifuta neno MARUDIO kwa kulichora juu mpaka likawa doa jeusi, na chini yake akaandika KUFUMUA. Binti alikuwa ameshasogea. Alilisoma kwa sauti, na mama yake akaguna kwa namna ya mtu aliyepunguziwa mzigo lakini hajautua.

Hapo tungeondoka salama. Nilishaanza kukunja turubai. Lakini Mtaalamu alikohoa, na mimi nikajua, nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"Kuna jambo jingine, mama. Uzi mpya umekwisha na hauji. Vidole vya binti yako nitavitoa humu humu. Sijawahi kumpa mtu vidole vya namna hii. Vinaweza kuvunjika, na vikivunjika vitavunjika yuko na kichwa cha mteja mkononi."

Mgonjwa haambiwi hivyo. Kazini tumefundishwa kumpa moyo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Weye ni wa serikali?" Mama Msusi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na unaogopa?"

"Sana."

Akamgeukia jirani yake wa maandazi. "Unasikia? Wa serikali mwenye anaogopa. Huyu nitamuamini."

Vidole vile vilichukua muda ambao siwezi kuutetea. Alisaga vibovu vya binti mwenyewe pamoja na vingine vya aina ile ile, akazikausha chenga mpaka jirani akaja kudai sanduku lake kwa sababu vifaranga wameanguliwa. Akavuta uzi, akaukataa, akausaga, akauvuta tena. Akachapa vidole vya majaribio na kuvivunja kwa mikono, kimoja baada ya kingine, huku anafumba macho. Nilimpigia kelele. Nilimwambia mtoto anakua, na kuogopa kwake kutamnyima mkono kuliko kuvunjika kwa kidole. Akasema najua. Kesho yake akavunja vingine. Vilivyokubali mwishowe vilikuwa vinene kwenye shina na rangi ya ajabu, kijani iliyochanganyika na tope, kwa kuwa rangi zote za pipa zimo. Tukafunga kwenye kiganja, tukaacha nafasi kwenye mikanda ya mkono kuongezeka.

Siku ya kumvalisha, binti alitaka kujaribu papo hapo. Mama yake aliketi chini akalegeza nywele zake. Mtaalamu akatoka nje, akasimama karibu na bomba la maji.

"Njoo uone," nikamwita.

"Nitasikia," alisema.

Alimaanisha mlio wa plastiki kuvunjika. Haukulia. Binti alisuka nywele kidogo, vibaya vibaya, kama wanaoanza wote, na wakaondoka. Muda si mrefu Mtaalamu akapata barua ya kuhamishiwa Kibondo, ambayo hakuiomba, na akaenda.

Alinipigia simu mara kwa mara. Aliuliza kama kuna panya wanaotafuna mikanda, kama mtu mpya anakausha chenga, kama dirisha la upande wa pipa linafunga. Juu ya vidole vya kijani hakuuliza hata siku moja. Mtu aliyeuliza kila kitu, hilo aliliruka. Mwanzoni nilifikiri amesahau, kisha nikaelewa kwamba analiogopa jibu. Na mimi sikuwa na jibu la kumpa, maana safari zetu za kambini zilisimama kwa kukosa gari, mwaka ukapita na zaidi. Zilipoanza tena, nilikwenda, na wiki ile ile nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi la Kibondo.

Nilimkuta nyumbani kwake, kwenye baraza, amepungua, sweta zile zile. Mke wake alinipokea mkoba, akaleta chai. Mtaalamu aliniuliza basi lilikuwa la kampuni gani, dereva alikuwa mtu mzima au kijana, tairi nilizitazama. Nikamjibu yote. Kisha nikavua kilemba nilichokuwa nimejifunga kwa ajili ya vumbi.

"Ala! Umependeza," mke wake alisema. "Nani kakusuka?"

"Binti mmoja wa Nyarugusu. Ana wateja, nimengoja tangu asubuhi mpaka saa tisa."

Kikombe cha Mtaalamu kikasimama hewani.

"Binti yupi?"

"Mwenye vidole vya kijani."

"Kwa mikono yote miwili?"

"Yote miwili. Mama yake siku hizi anakaa pembeni anapokea watu."

Alikiweka kikombe chini. Hakunigusa, si mtu wa kugusa kichwa cha mwanamke wa watu. Alivaa miwani, akasogea nyuma ya kiti changu, akatazama mstari mmoja kuanzia paji mpaka kisogoni, kisha mwingine, na mwingine. Nilimsikia anavyopumua.

"Mama," akamwambia mke wake, "hebu vuta mmoja."

Mke wake akavuta. Nikapiga ukelele mpaka jirani akachungulia ua.

"Unaumia?" Mtaalamu akaniuliza.

"Tangu Jumatano! Kulala silali. Nikicheka naumia, nikitafuna naumia, ngozi yote imevutwa huku juu."

Alirudi akakaa. Niseme wazi kwamba alifurahi. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amefurahi, na uso wake haukujua la kufanya na furaha yenyewe, midomo ikawa inakwenda huku na huku, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua. Mke wake akageukia pembeni kumpa nafasi. Chai ikapoa mbele yetu sote watatu.

Halafu akanyanyua kichwa, na nikaona kipaji kimeanza kukunjamana upya.

"Anabana mno," alisema. "Mwambie alegeze kidogo. Nywele za mbele zitang'oka."

Nikamwahidi nitamwambia, na mpaka leo sijamwambia.